Safi, Fifi na Fomu ya Chuo

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana hunijia na simu zao mkononi wakitaka niwaambie wajaze nini. Sijui nani aliwadanganya kwamba mimi ni mtaalamu. Nadhani ni kwa sababu naishi Somanda, hapa Bariadi, karibu na barabara, nina kiti cha ziada barazani, na sioni haya kumwambia mtoto wa mtu kwamba alichoandika ni upuuzi. Wiki iliyopita binti mmoja alinionyesha maelezo yake binafsi. Ameandika kwamba tangu utotoni amekuwa na kiu kubwa ya masuala ya ununuzi na ugavi.

"Ulikuwa na miaka mingapi ulipoanza kuota ugavi?" nikamuuliza.

"Shangazi, ndivyo wanavyoandika wote."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamnyang'anya simu, nikamwambia akae nimsimulie jinsi mimi nilivyoomba chuo. Alikaa, angefanyaje na simu ninayo mimi?

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotufikia. Bariadi na Maswa zilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Zamani pamba yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, upende usipende. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao, kila mmoja na mzani wake na maneno yake matamu, wakigombea mizigo kama kuku wanaogombea mahindi. Walikuwa na haraka kiasi kwamba hawakufungua gunia kutazama ndani. Wakulima nao si wajinga. Haukupita msimu, kila mtu kijijini kwetu, huko Lalago, akajua kwamba pamba iliyomwagiwa maji ni nzito kuliko pamba kavu, na yenye mchanga ni nzito zaidi. Jirani yetu mmoja aliuza jiwe. Liliondoka kijijini ndani ya gunia, na mpaka leo hatujui lilishukia wapi.

Baba yangu alikataa kata kata. Kila msimu alitukalisha kwenye jamvi uani, mimi, mama na bibi, tukachambua pamba yote kwa mkono. Nyeupe iliyokomaa vizuri tuliiweka huku, hiyo ndiyo safi. Yenye madoa na vipande vya majani makavu tuliiweka kule, hiyo ndiyo fifi. Fifi aliipeleka sokoni vilevile, ila aliitangaza mwenyewe kabla hajaulizwa: "Hii safi, hii fifi, tazama kwa macho yako." Wanunuzi walimwona mzee wa vituko. Majirani walimcheka mbele yake. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na kidato changu cha sita na Kiingereza changu, na nilimwonea aibu. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Mimi nilikuwa na shida moja tu duniani: nilitaka kusoma sheria chuo kikuu. Napenda kubishana, na nilikuwa nimesikia kwamba kuna mahali mtu hupewa cheti kwa kazi hiyo. Katika kata yetu hakuna msichana aliyekuwa amewahi kufika chuo kikuu. Nafasi ya kuomba ilikuwa moja: fomu moja, bahasha moja, na siku ya mwisho ya kupokelewa. Ukikosa, unarudi shambani kupalilia mwaka mzima huku watu wakikuita "msomi" kwa sauti ambayo si ya heshima. Niliiwazia fomu ile mpaka nikaacha kula vizuri, na kwa anayenijua, hilo ni jambo la kuita mganga.

Mshauri wangu alikuwa mwalimu mmoja wa hapa Bariadi. Alikuwa amefika Dar es Salaam mara mbili, na kwa hiyo tulimheshimu mara mbili. Nilipanda lori la pamba kutoka Lalago nikamfuata na fomu yangu. Akaivalia miwani.

"Shughuli za ziada," akasoma. "Umeandika kuimba kwaya."

"Ndiyo, mwalimu."

"Binti, nchi nzima inaimba kwaya! Hata mbuzi wa parokiani wanaimba kwaya. Watoto wa Dar wanaandika kuogelea. Andika kuogelea."

"Mwalimu, sijui kuogelea."

"Nani atakupima? Watakuletea bahari mezani? Soko huria hili. Usipojitembeza, nani atakuona?"

Naomba msomaji aelewe kwamba kwetu wakati wa kiangazi mto ni mchanga mtupu. Ukitaka maji unachimba shimo mtoni, unakaa pembeni na kikombe unasubiri yajikusanye. Katika mazingira hayo niliandika kwamba napenda kuogelea. Mwalimu akaniongezea uenyekiti wa klabu ya mdahalo, klabu ambayo haikuwahi kuwepo. Tenisi niliiongeza mwenyewe bila kushauriwa na mtu. Uongo ni kama karanga, ukishaonja moja mkono unarudi wenyewe.

Kisha nikaenda kupiga picha. Bariadi wakati ule ilikuwa na mpiga picha mmoja ambaye watu walimwamini, na mpiga picha huyo alikuwa na koti moja. Koti lilining'inia kwenye msumari, la kijivu, kubwa, lenye harufu ya waombaji wote walionitangulia. Nilipomwambia kwamba mimi ni msichana na nina blauzi yangu nzuri, alisikitika.

"Dada, picha ya chuo ni koti. Na usicheke. Chuo hakichukui watu wanaocheka."

Nikavaa koti. Mabega yake yaliishia karibu na viwiko vyangu. Nikakunja uso. Picha zilipotoka nilionekana kama mchunga ng'ombe aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe haohao.

Nyumbani, bibi akataka kuibariki bahasha. Akatia mdomoni maji yenye unga wa mtama, kama wazee wetu wanavyobariki, akaipulizia bahasha yote puuu! Anwani ya chuo, niliyoiandika kwa mkono wangu mzuri wa herufi kubwa, ikashuka hadi chini kwenye kona. Bibi akafurahi sana. Akasema wino ukikimbia ni dalili kwamba barua itakwenda upesi. Nilinunua bahasha nyingine, na hiyo niliificha.

Ikabaki sahihi ya mzazi. Baba alisoma Kiswahili vizuri, Kiingereza hapana. Akasema hawezi kuweka sahihi kwenye mzigo asioujua, basi nimsomee fomu yote kwa Kiswahili. Baba aliniita *mayu*, yaani mama, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao, na alipoanza kuniita hivyo kwa upole nilijua kuna jambo.

"Rudia hapo, mayu. Kuogelea?"

"Ndiyo, baba."

"Wapi?"

"Shuleni."

"Shuleni kwenu kulikuwa na maji?"

"Yalikuwepo ya kunywa."

Akasema niendelee. Nikamsomea uenyekiti, akasema niendelee. Nikamsomea tenisi, akauliza kama ni ugonjwa, nikamweleza, akasema niendelee. Mwisho akaweka sahihi, polepole, akakunja fomu, akasema kesho anakwenda Bariadi na lori, ataipeleka posta yeye mwenyewe. Mimi nikashukuru Mungu kwa kunipa baba asiyeuliza maswali mengi.

Kesho yake mchana akarudi, akakaa, akanywa maji, akavua viatu.

"Barua imekwenda," akasema. "Na mimi nimetia yangu humo ndani."

"Yako ipi, baba?"

"Ya kukuchambua. Safi na fifi. Mtu hapeleki mzigo bila kuuchambua, mayu. Ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia."

Sitaandika nilichosema, kwa sababu mama alikuwepo na bado anakikumbuka. Ikaja kujulikana kwamba siku ile ile niliyomsomea fomu, mimi nilipokwenda kisimani, familia yangu yote ilikaa kwenye jamvi la pamba ikanichambua. Baba aliandika kwenye karatasi za daftari. Bibi alichangia. Mama naye alichangia.

"Mama, na wewe?"

"Mimi nilimkumbusha la hasira tu," akasema mama. "Na la kutofunika sufuria."

"Baba, mwalimu amesema lazima mtu ajitembeze!"

"Kizuri chajiuza," akasema baba, "kibaya ndicho chajitembeza. Mwalimu wako hajasikia hiyo?"

Asubuhi nikadandia lori la kwanza. Nilifika posta ya Bariadi kabla hawajafungua, nikasimama mlangoni mpaka karani akaja na funguo. Mfuko wa barua ulikuwa pale sakafuni, nyuma ya dirisha, nauona kabisa.

"Kaka, naomba bahasha yangu moja. Nitoe karatasi, nikurudishie."

"Ikishaingia mfukoni si yako tena."

"Ina jina langu!"

"Juzi ilikuwa yako. Leo ni ya posta. Ikifika itakuwa ya chuo. Wewe zamu yako imepita."

Nilimbishia kwa hoja saba. Mtu anayetaka kusoma sheria hakosi hoja. Alinisikiliza zote akipiga mihuri, na ya saba ilipokwisha, akaunyanyua mfuko akaupakia kwenye basi lililokuwa likiunguruma nje. Nililikimbiza basi lile na ndala moja mkononi na nyingine mguuni, mpaka karibu na hospitali. Wagonjwa walitoka kuangalia. Muuguzi mmoja, akiona nilivyoachama mdomo, akanipigia kelele kwamba kliniki ya meno iko upande wa pili.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Nilikuwa na hakika kwamba nimekosa chuo, na kwamba aliyenikosesha ni baba yangu mzazi, ambaye kila asubuhi alinisalimu "mwangaluka" kwa furaha kana kwamba hakufanya kitu. Niliitikia kwa ubaridi. Nilikataa kuchambua pamba. Nilikataa hata kumwambia kilichoandikwa kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, ambayo kila siku nilikuwa namsomea. Yeye aliendelea na fifi zake, akinitazama mara mojamoja. Nilipomdai aniambie aliandika nini, alisema, "Uliyemuuzia akikuita, atakuambia."

Wakaniita. Barua ilisema nifike kwenye usaili, siku fulani, saa mbili asubuhi, na vyeti halisi. Baba alinisindikiza mpaka Maswa kwenye basi, na kutoka Shinyanga nikapanda treni ya Dar es Salaam. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuogelea kwa mikono nikiwa nimekaa, nikiwaza kwamba wakiuliza angalau nionyeshe. Abiria wa mbele yangu alihama kiti.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, wanaume wawili na mama mmoja katikati mwenye miwani ya kamba. Mama ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Mbele yake kulikuwa na fomu yangu, na juu ya fomu, karatasi za daftari zilizojaa mwandiko wa baba, ule mwandiko wake wa kulalia upande mmoja.

"Binti," akaanza mama, "huko Bariadi mna sare?"

Akapanga picha tatu mezani. Yangu, na za wavulana wawili nisiowajua. Watu watatu, nyuso tatu zilizokunjwa, koti moja.

"Hapana, mama. Ni koti la mpiga picha."

"Ahaa. Tulikuwa tumebishana." Akazikusanya. "Hapa unasema unaogelea."

"Ndiyo," nikasema. Mtu akishazaa uongo huona vibaya kuutelekeza.

"Mtindo gani?"

"Wa kwenda mbele."

Mwanaume wa kushoto akainamisha kichwa, mabega yakawa yanacheza. Mama hakucheka. Akachukua karatasi ya baba, akasoma kwa sauti: "'Kuogelea hajui. Mwaka juzi alitumbukia kwenye lambo la ng'ombe, maji yakiwa magotini, tukamtoa watu wanne.'"

"Watu wanne?" akauliza wa kulia.

"Watatu," nikasema kwa hasira. "Wa nne alikuwa anacheka tu."

Mama akaendelea. Fifi yangu ilikuwa nusu ukurasa. Nina hasira za haraka, lakini nikipewa uji na kuachwa saa moja, hutulia. Napenda kushinda ubishi hata ninapojua nimekosea. Sifuniki sufuria. Mdahalo sina uenyekiti wake, ila nabishana bure na yeyote, hata na redio. Tenisi wao hawaijui, lakini kama ni mchezo wa kukimbia, wasinitegemee.

"Ni kweli una hasira?"

"SI KWELI!" nikasema, na karani aliyekuwa mlangoni akaangusha faili.

Nikajua yamekwisha. Nikaona shamba, nikaona jembe, nikasikia "msomi" ikiitwa kutoka kila upande. Na kwa sababu sikuwa na kitu cha kupoteza tena, nikasema yote: kwamba sijawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni, kwamba klabu haikuwepo, kwamba tenisi sijawahi kuiona hata kwa mbali, na kwamba niliambiwa hivyo ndivyo wanavyoandika wote.

"Ni kweli," akasema mama. "Leo umekuwa wa kumi na nne kuogelea. Mmoja anatoka Dodoma."

Akageuza karatasi. "Sasa hii ya upande wa pili. 'Safi. Ndiye anayewasomea majirani barua zao zote, na siri ya mtu haijawahi kutoka mdomoni mwake. Mnunuzi mmoja alipompunja mjane wa jirani, huyu mtoto alikaa juu ya mzani, akakataa kushuka mpaka mzigo ulipopimwa upya mbele ya watu. Alikaa tangu asubuhi mpaka saa tisa. Hapo ndipo hasira yake ilipotusaidia.'" Akanitazama juu ya miwani. "Hili la mzani mbona hukuliandika?"

"Sikujua kama ni shughuli ya ziada," nikasema.

Walicheka wote watatu, na sikuona la kuchekesha. Nilikuwa nimeulizwa, nikajibu. Wakaniuliza habari za siku ile ya mzani, mnunuzi alisema nini, mimi nilisema nini, mzigo ulipopimwa upya ulizidi au ulipungua, na ungepungua ningefanyaje. Tulibishana dakika nyingi kuliko walizonipangia. Nilishinda mara mbili, na mara moja nilishindwa nikakataa kukubali.

Nisiwaweke roho juu: nafasi niliipata. Waliniambia palepale kwamba barua rasmi itafuata, ila nianze kutafuta sanduku. Vijana nikifika hapa hudhani hadithi imekwisha, wanadhani nawaambia waseme kweli, na huanza kunyoosha mikono wadai simu zao. Hapana. Kusema kweli ni kazi ya kila siku, haihitaji hadithi. Mimi nawaambia wasimwachie mgeni awaeleze. Wawaulize wanaokula nao, wanaowajua wakiwa wamenuna, waandike yale. Nyumbani kwenu kuna mtu anaijua safi yako kuliko unavyoijua wewe, na pengine wewe unamwonea aibu.

Siku ile ya usaili nilikuwa nimesimama nitoke, mama mwenyekiti aliponiita nirudi. Alikuwa ameshika karatasi ya pili.

"Kuna mstari sikuusoma mbele ya wenzangu," akasema. "Soma mwenyewe."

Ulikuwa chini kabisa, umebanwa kwenye ukingo kwa kukosa nafasi. Ulisema: "Mkiona hafai, tafadhali msimwambie huko. Nipelekeeni habari mimi kwa anwani ya parokia, nije nimchukue, asirudi njia yote hiyo peke yake na majibu hayo."

Nikalia mbele ya meza ile kwa sauti, mpaka wakaniletea uji. Baba yangu hakuwa amewahi kupanda treni hata mara moja. Angekuja.